Picha ya Pasipoti ya Mtoto: Usikubali Studio Ibadilishe Mandharinyuma

Ninawaandikia Wakenya wenzangu walioko Uingereza, pamoja na majirani zetu kutoka Tanzania na Uganda, ambao siku moja watalazimika kuagiza picha ya pasipoti ya mtoto, mke au mzazi aliyebaki nyumbani. Nalisema jambo langu mapema ili hata asiyefika mwisho alipate: picha ya pasipoti au ya viza haibadilishwi mandharinyuma kwa programu yoyote, hata kama rangi mpya ndiyo ile ile inayotakiwa, na hata kama aliyeibadilisha ni fundi hodari kiasi gani. Mimi nililichukulia sharti hilo kama maneno ya kujaza ukurasa, nalo likanigharimu zaidi ya miezi miwili ya kungoja na tiketi ya ndege ambayo pesa zake hazikurudi.

Binti yetu alizaliwa Nairobi baada ya mimi kupata uraia wa Uingereza, kwa hiyo pasipoti yake ya kwanza tuliiombea huko huko, alikokuwa akiishi na mama yake mtaani Umoja. Fomu hujazwa mtandaoni, ada hulipwa kwa kadi, na vyeti hutumwa. Aliyewahi kupambana na eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, hatatishwa na hayo. Suala la picha nilimwachia shemeji yangu, kijana mwenye moyo wa kusaidia, naye akawapeleka kwenye studio moja karibu na River Road. Mtoto alikuwa na miaka mitatu na alikataa katakata kuketi peke yake mbele ya kitambaa cheupe, basi akapigwa picha akiwa amepakatwa na mama yake, nyuma yao kukiwa na rafu ya fremu na kalenda za ukutani. Mpiga picha aliwaambia wasiwe na wasiwasi. Alimkata mtoto kutoka kwenye picha ile kwa kompyuta, akambandika juu ya weupe mtupu, akaufuta mkono wa mama uliokuwa begani, kisha kwa hisani yake akamng'arisha uso kidogo. Shemeji alilipa shilingi 300, na jioni hiyo picha ikanifikia kwa WhatsApp, nami nikaona binti yangu amependeza.

Mfumo wa mtandaoni uliikubali. Hapa ndipo ulipo mtego ulioninasa, na ninaomba pasomwe polepole. Unapoipakia picha, programu huipima papo hapo: je, uso unaonekana, mwanga unatosha, nyuma kumetulia? Picha yetu ilipita bila lawama, na mimi nikadhani hukumu imekwisha kutolewa. Kumbe kipimo kile ni cha awali tu, na picha bado hutazamwa na afisa ambaye ni binadamu mwenye macho, na neno lake ndilo la mwisho. Wiki tano baadaye nilipata barua pepe fupi iliyosema kwamba picha ilionekana kufanyiwa mabadiliko na kwamba ombi lingesimama mpaka tupeleke nyingine. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kununua tiketi. Narudia kwa sababu nimewaona wengine wawili wakianguka shimo hili hili: kukubaliwa na mashine si kukubaliwa na ofisi, na tiketi isinunuliwe kabla pasipoti haijafika mkononi.

Nilipoikuza picha ile kwenye kompyuta niliyaona yote ambayo simu ilikuwa imenificha. Programu ya kuhariri hutafuta mpaka wa mtu pale ambapo rangi hubadilika ghafla, na nywele zetu za kipilipili hazina mpaka wa namna hiyo, kwa maana kila kipindo cha unywele huacha upenyo ambamo rangi ya nyuma hupita. Kwa hiyo programu hufanya moja kati ya mawili: hukata kichwa kana kwamba kimezungushiwa mkasi, au huacha utando wa rangi ya zamani ukizunguka nywele. Binti yangu alipatwa na yote mawili, kwani upande mmoja nywele zilikuwa zimenyolewa na upande wa pili kulikuwa na ukungu wa kahawia uliotoka kwenye rafu. Ncha ya sikio lake la kushoto ilikuwa imeliwa. Mwanga wa dirisha ulikuwa umeliangukia shavu moja na kuliacha la pili gizani, lakini weupe wa nyuma ulikuwa sawasawa pande zote, jambo ambalo ni vigumu kutokea mbele ya ukuta wa kweli. Bega lililokuwa na mkono wa mama lilikuwa laini kama limepakwa rangi.

Ndugu zetu huuliza kuna ubaya gani ikiwa uso ni wake. Ubaya ni kwamba picha hiyo huingizwa katika chipu ya pasipoti, na mipakani mashine hulinganisha uso uliomo na uso wa msafiri. Sikio lililopunguzwa na ngozi iliyong'arishwa si uso wake tena. Wako pia wahalifu wanaochanganya nyuso za watu wawili kuwa picha moja ili pasipoti moja itumiwe na wote wawili, na ni kwa sababu hiyo Ujerumani, tangu tarehe 1 Mei 2025, haipokei tena picha za karatasi kwa pasipoti na vitambulisho vyake, ila picha za kidijitali zinazopigwa ofisini au kutumwa moja kwa moja na mpiga picha aliyeidhinishwa. Marekani nayo inakataza kubadilisha picha kwa programu, vichujio vya simu au akili bandia, na tangu Novemba 2016 haitaki miwani katika picha za pasipoti na viza. Kanada hutaka nyuma ya picha ya pasipoti iliyochapishwa paandikwe jina na anwani ya studio pamoja na tarehe ya kupigwa.

Sitaki mtu adhani ninawadharau mafundi wa Nairobi. Kubadilisha mandharinyuma ni ufundi wa kweli, na kwa picha ya kadi ya harusi, ya tangazo la msiba au ya ukutani sebuleni, ninawapelekea kazi mimi mwenyewe. Picha ya marehemu baba ilitolewa katika umati wa watu kwenye sherehe ya mahari na kuwekwa juu ya rangi ya samawati iliyotulia, na familia yote ilishukuru. Atakayejaribu nyumbani kwa matumizi kama hayo anaweza kutumia GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure: mtu na nyuma yake viwekwe katika tabaka mbalimbali, sehemu isiyotakiwa ifichwe badala ya kufutwa ili makosa yarekebishike, na kingo za nywele zilainishwe kwa brashi ndogo. Kosa la shemeji yangu, na la ndugu wengi wanaotupenda, ni kudhani kwamba picha ya serikali na picha ya sebuleni ni kitu kimoja kwa sababu zote mbili hutoka studio moja. Nawaomba wasituhurumie kwa kuipendezesha picha. Waiache kama ilivyo.

Kuhusu Waingereza nina neno moja. Kwetu Kenya, mambo yakikwama Nyayo House, ofisi ya uhamiaji ya Nairobi, unaweza kupanga foleni na kumweleza afisa ana kwa ana kwamba mtoto alilia. Huku, kwa ombi kama letu, hakuna dirisha la kwenda kujieleza, kuna simu na barua pepe tu, na wanaamini kwamba kutoonana huko ndiko haki kwa wote. Siamini hivyo kikamilifu. Mwaka 2020 BBC ilijaribu kipimo hicho cha mtandaoni kwa picha za zaidi ya watu 1,000 na kukuta kwamba wanawake wenye ngozi nyeusi waliambiwa picha zao ni duni katika asilimia 22 ya majaribio, na wanaume wenye ngozi nyeupe katika asilimia 9. Uonevu huo ndio unaowasukuma wengi wetu kumng'arisha mtoto kwa programu ili mashine imkubali. Usifanye hivyo. Ongeza mwanga wa dirisha wakati wa kupiga, kwa kuwa huo hauwezi kuitwa udanganyifu.

Picha ya pili ilipigwa na mama yake nyumbani kwa jirani mwenye ukuta wa rangi ya maziwa. Mtoto alisimama karibu hatua mbili mbele ya ukuta ili kivuli chake kisiuguse, akiutazama mlango uliokuwa wazi saa nne asubuhi, na hali ya simu ya kulainisha ngozi pamoja na ile ya kutia ukungu nyuma zilizimwa kwanza. Hakulazimishwa kutulia, kwa kuwa Uingereza haiwadai watoto walio chini ya miaka sita kuitazama kamera moja kwa moja. Picha ionyeshe kichwa, mabega na sehemu ya juu ya mwili, iwe na upana wa pikseli 600 na urefu wa pikseli 750 au zaidi, uzito wake uwe kati ya kilobaiti 50 na megabaiti 10, na isipunguzwe kingo, kwa sababu ofisi huzipunguza yenyewe. WhatsApp huibana picha inayotumwa kama picha na kuziharibu kingo za nywele, kwa hiyo nilimwomba mke wangu aitume kama faili la hati, na lile la asili alihifadhi kwenye simu yake mpaka pasipoti ilipofika Umoja.