Kupanda pilipili mbuzi kwenye ndoo kwa njia ya kilimo hai: hatua kwa hatua

Mpilipili uliopandwa shambani hujitafutia maji na chakula kwa kutandaza mizizi yake, ilhali ule uliopandwa kwenye ndoo hutegemea kile tu ulichowekewa. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya kazi ya kilimo hai cha pilipili kwenye vyombo hufanyika kabla mche haujagusa udongo, na mkulima anayeharakisha sehemu hiyo hutumia miezi inayofuata kutibu matatizo ambayo yangeweza kuzuilika. Mwongozo huu unahusu pilipili mbuzi katika hali ya joto la Dar es Salaam, lakini anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja anaweza kuufuata bila mabadiliko makubwa.

Hatua ya kwanza: chombo

Ndoo ya lita 20 inatosha mche mmoja, na nasisitiza mmoja, kwa kuwa miche miwili katika ndoo moja hunyang'anyana chakula na yote hudhoofika. Usitumie chombo kilichowahi kubeba dawa za kuulia wadudu, rangi au oili chafu, hata kama kimeoshwa. Toboa matundu sita hadi manane chini ya ndoo, kila moja likiwa na upana wa kidole cha mwisho, kisha yafunike kwa kipande cha chandarua chakavu ili udongo usivuje. Wengi huweka kokoto chini wakiamini kwamba zinasaidia maji kutoka, lakini maji hukwama katika udongo ulio juu ya kokoto hizo, na mizizi hupoteza nafasi. Afadhali uinue ndoo juu ya matofali ili matundu yapumue. Ndoo nyeupe hufaa kuliko nyeusi, kwani nyeusi iliyoachwa kwenye jua la mchana huchemsha mizizi.

Hatua ya pili: mchanganyiko wa udongo

Chukua sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza kabisa, na sehemu moja ya mchanga mnene au pumba za mpunga zilizounguzwa. Samadi iliyooza haina joto ukiitia mkono, haina harufu kali, na huwezi tena kutambua nyasi zilizokuwamo. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi. Udongo usitoke mahali palipolimwa nyanya, bilinganya, nyanya chungu au viazi mviringo, kwa sababu mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na pilipili na huacha vimelea vya mnyauko ardhini. Lowanisha mchanganyiko, ufunike, na uuache utulie kwa wiki mbili kabla ya kupanda. Ukifinyanga konzi moja mkononi, linapaswa kushikamana, kisha kusambaratika ukiligusa kwa kidole.

Hatua ya tatu: kitalu na kuhamisha miche

Mbegu za pilipili mbuzi hazina haraka: katika joto la nyuzi 25 hadi 30 huchukua kwa kawaida siku 10 hadi 21 kuota, na nyingine huzidi hapo. Zisie kina cha nusu sentimita katika trei au vikopo vilivyojazwa mchanganyiko uliomwagiwa maji yanayochemka na kuachwa upoe, jambo linalopunguza kinyausi, ugonjwa unaokata mche usawa wa udongo. Kitalu kiwe na unyevu bila kulowa chapachapa. Anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche, kwa kuwa virusi vya tumbaku hushambulia pia pilipili.

Miche ikifikisha majani halisi manne hadi sita (yale mawili ya kwanza yanayotoka na mbegu hayahesabiwi), izoeshe jua kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, kisha ihamishe jioni. Tandaza majani makavu au nyasi juu ya udongo, lakini yasiguse shina. Ndoo ikae mahali panapopata jua lisilopungua saa sita kwa siku, na mche uwekewe kijiti cha kuuegemeza kabla haujaanza kubeba matunda.

Hatua ya nne: maji na chakula

Mwagilia unapochovya kidole hadi pingili ya pili na kukuta udongo mkavu, na si kwa mazoea ya asubuhi na jioni. Ukimwagilia, mwaga hadi maji yatoke chini. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, jambo la kawaida katika maeneo ya pwani, wataona utando mweupe ukitanda juu ya udongo; dawa yake ni kupitisha maji mengi ya mvua mara kwa mara ili chumvi ioshwe. Udongo ukikauka sana na kuloweshwa ghafla, mmea hushindwa kufikisha kalsiamu kwenye tunda, na ncha ya pilipili huoza.

Baada ya wiki nne tangu kuhamisha, anza kutoa mbolea ya maji kila baada ya wiki mbili. Funga kilo moja ya samadi iliyooza katika kiroba, kizamishe katika lita 10 za maji kwa wiki moja, kisha ongeza maji hadi rangi ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Imwage kwenye udongo, kamwe si juu ya majani wala matunda. Mmea wenye majani mengi ya kijani kizito lakini usio na maua umeshiba naitrojeni kupita kiasi. Uusitishie mbolea hiyo. Maua yakidondoka katika miezi ya joto kali ya Januari hadi Machi, tafuta kivuli cha mchana kabla ya kulaumu mbolea.

Hatua ya tano: wadudu

Geuza majani kila baada ya siku chache, maana vidukari, inzi weupe na utitiri hukaa upande wa chini. Majani machanga yanayotoka membamba, magumu na yaliyojikunja kwa kawaida ni dalili ya utitiri. Twanga gramu 50 za kokwa kavu za mwarobaini, loweka katika lita moja ya maji usiku kucha, chuja, ongeza sabuni ya mche kidogo, na unyunyize jioni kwa sababu jua huharibu nguvu yake. Rudia kila wiki hadi majani mapya yatoke yakiwa mazima. Mmea wenye mabaka ya njano yaliyochanganyika na kijani, uliodumaa, huenda umepata virusi, navyo havina tiba: ung'oe na uuchome moto.

Hatua ya sita: kuvuna

Mavuno ya kwanza huja takribani miezi mitatu hadi minne baada ya kuhamisha. Kata pilipili pamoja na kikonyo chake kwa mkasi, kwa kuwa kuivuta huvunja tawi. Vaa glavu unapozipasua, kwani ukali umejaa katika utando mweupe unaoshika mbegu. Mavuno yakipungua, pogoa matawi kwa kuondoa theluthi moja ya urefu wake, ondoa udongo wa juu kina cha vidole vinne, na ujaze mboji mpya. Mmea wenye afya utachipua na kuzaa tena.