Kabla hujanunua nati za kupandia miamba, angalia haya kwanza

Nati, heksi na trikamu ni vipande vya metali vinavyoingizwa kwenye nyufa za mwamba ili vishike kamba mpandaji akianguka. Hazina springi. Hushika kwa umbo tu: unaingiza kipande pale ufa ulipo mpana, unakivuta hadi kinakwama pale ufa unapobana. Wapandaji wa Uingereza walianza na nati halisi za mashine zilizopitishwa kamba, na kanuni ni ileile hadi leo. Kama ufa una kuta sambamba mwanzo hadi mwisho, nati haina cha kushika. Usiilazimishe.

Nunua kwa milimita, usinunue kwa namba, maana namba 5 ya kampuni moja si namba 5 ya nyingine, na rangi nazo hutofautiana. Saizi za katikati ziwe mbilimbili, ndizo zinazokwisha mapema. Zigawe kwenye karabina mbili (pete za metali zenye mlango unaofunguka), ili moja ikikuponyoka usibaki mikono mitupu.

Kuhusu umbo: nati yenye pande zilizonyooka hugusa mwamba kwa eneo kubwa, lakini inataka ufa uliopungua taratibu na kwa usawa. Nati iliyopinda hugusa kwa sehemu tatu, kwa hiyo hutulia hata kwenye ufa wenye mabonde. Adhabu yake ni kuchomoa, kwa hiyo anayefuata nyuma lazima abebe chuma cha kuchomolea. Nati iliyochongwa mshazari pande zote mbili ni ya nyufa zinazofunguka kuelekea nje, kama zile za Yosemite, Marekani, zilizoharibiwa na misumari iliyogongwa na kung'olewa kwa miaka mingi. Kwenye ufa wa aina hiyo nati ya kawaida hushika ukingo tu, na ukingo hauaminiki.

Heksi, kipande chenye pande sita, ni nyepesi kwa upana wake, na ukiigeuza inatosha nyufa za upana tofauti. Ina kelele, uizoee. Trikamu ina ncha upande mmoja na mgongo wa duara upande wa pili; hukaa kama kabari, au hujizungusha na kujikaza inapovutwa. Kwenye vishimo na nyufa za mlalo haina mpinzani. Kuiweka kwa mkono mmoja ukiwa umechoka ni habari nyingine.

Soma alama ya kN (kilonyutoni, kipimo cha nguvu) kwenye kila kipande. kN 1 ni karibu na uzito wa kilo 100. Kiwango cha Ulaya EN 12270 kinaanzia kN 2 tu, na zile nati ndogo kabisa nyingi ziko kati ya 2 na 5. Kubwa hufika 12 hivi. Kumbuka kipande cha juu hubeba mvuto wa pande mbili za kamba, wa anayeanguka na wa anayemshikia. Nati ndogo ya shaba hung'ata mwamba vizuri kwa sababu ni laini, lakini kwa sababu hiyohiyo hubonyea na kuchomoka.

Sasa lile ambalo wengi hulijua wakiwa tayari hewani: nati huchomoka mara nyingi kuliko inavyokatika. Chukua mpandaji aliyeweka nati saba, zote zimevutwa chini sawasawa. Anayemshikia kamba amesimama mita nne nyuma ya ukuta ili aone vizuri. Mpandaji anaanguka, kamba inakazwa na kutaka kunyooka moja kwa moja kutoka kwa mshikaji hadi nati ya juu. Nati ya kwanza iko njiani, inavutwa nje na juu, upande ambao haikuwekewa. Inatoka. Ya pili inachukua nafasi yake, nayo inatoka, na mstari mzima unafunguka kama zipu kutoka chini. Inabaki ile ya juu peke yake, na bahati mbaya ikiwa ndiyo ndogo.

Kwa hiyo mshikaji asimame karibu na ukuta. Kipande cha kwanza kiweze kuvutwa juu pia: nati mbili zinazokabiliana, zilizokazwa pamoja kwa tepe (kitanzi cha utepe imara), au tepe iliyozungushwa kwenye tundu la mwamba. Njia ikipinda, ongeza tepe ya sm 60, kwa sababu waya wa nati ni mgumu na hupeleka kila mtikisiko wa kamba kwenye nati. Tepe hiyo iungwe kwa karabina, isifungwe moja kwa moja kwenye waya. Waya mwembamba huikata. Ukishaweka nati, ivute chini kwa nguvu, kisha iguse kidogo kwa nje na kwa juu. Ikicheza, irudie.

Waya uliokatika hata uzi mmoja, tupa. Tepe za heksi na trikamu huzeeka hata zikikaa kabatini. Fuata muda ulioandikwa na mtengenezaji. Jizoeze ukiwa chini, weka, ning'inia, angalia kilichosogea. Na usiweke kabari nyuma ya bamba la mwamba lililoachana na ukuta, kwani ukianguka kabari hulisukuma bamba hilo nje. Ligonge kwanza kwa kiganja. Likitoa mlio wa kitu kitupu, tafuta ufa mwingine.