Jinsi ya Kuendesha Klabu ya Vitabu ya Watoto Mtandaoni Wakati wa Likizo ya Agosti

Anayetaka kuwakutanisha watoto wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na Bungoma katika klabu moja ya vitabu mtandaoni aanze na kalenda kabla ya kuorodhesha vitabu. Likizo ya Agosti kwa kawaida huwa ya takriban wiki tatu, na siku za kwanza huishia katika kufua sare na safari za kwenda kwa nyanya. Mwezi huohuo mahindi ya masika huwa yanavunwa katika sehemu nyingi za magharibi, na mtoto aliye shambani na wenzake hatashika kitabu hadi jioni. Isitoshe, katika miaka ya shufwa, kama vile 2024 na 2026, Agosti ndio msimu wa tohara kwa Wabukusu, hivyo mvulana wa Bungoma anayetahiriwa, au ambaye nyumba yao ina mtahiriwa, hataonekana kwa siku kadhaa. Kwa sababu hizo, chagua kitabu kimoja tu kisichozidi kurasa 80, ukigawe katika sehemu nne au tano, na wazo la vitabu vitatu uliweke hadi likizo ndefu ya Novemba na Desemba.

Usichanganye umri. Watoto wa Gredi ya 4 hadi ya 6 wawe na kikundi chao, na wale wa Gredi ya 7 hadi ya 9 wawe na chao, kwa kuwa mkubwa humaliza kujibu kabla mdogo hajafungua mdomo. Kikundi cha watoto kumi na wawili kinatosha. Kikizidi hapo, utakuwa unaita majina tu.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni kwamba simu si ya mtoto. Ni ya mama anayeuza samaki, au ya baba anayeendesha bodaboda, nayo hurudi nyumbani saa moja jioni ikiwa na chaji kidogo. Klabu inayotegemea mikutano ya video kila siku itawabakiza watoto wenye Wi-Fi pekee. Kwa hivyo kazi kubwa ifanyike kwa ujumbe wa sauti katika kikundi cha WhatsApp, ambao mtoto ataufungua simu ikifika na kuujibu wakati wake, bila kula bando nyingi. Mkutano wa moja kwa moja uwe mmoja kwa wiki, Jumamosi saa nne asubuhi. Nasisitiza asubuhi kwa sababu ukanda wa ziwa hupata mvua nyingi za radi alasiri, na radi zikianza, umeme na mtandao huaga pamoja. Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40, na kwa watoto hilo ni jambo jema, kwani hakuna la maana litakalosemwa katika dakika ya hamsini.

Suala la nakala lataka uangalifu. Kukipiga picha kitabu kizima ukurasa baada ya ukurasa na kukirusha kwenye kikundi ni kuvunja hakimiliki, hata kama nia ni njema. Kwa wasomaji wadogo zipo hadithi zenye leseni huria katika tovuti ya African Storybook, ambako utapata Kiswahili, Kidholuo na baadhi ya lugha za Waluhya; zinaweza kupakuliwa mara moja na kusomwa bila intaneti. Kwa wakubwa wanaohitaji riwaya fupi, zungumza mapema na maktaba za umma zilizo Kisumu, Nakuru na Kakamega ujue zina nakala ngapi, kisha waombe wazazi wenye uwezo wanunue zilizopungua. Nakala ya mtoto aliye mbali hutumwa kama kifurushi kwa matatu, na hapana budi itumwe wiki mbili kabla ya siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye maswali, maana klabu hufia hapa. Ukiuliza, "Mhusika mkuu ni nani?", utajibiwa kwa neno moja na kikundi kizima kitanyamaza, kwa kuwa watoto wamelitambua swali la darasani. Uliza jambo ambalo watu wawili wenye akili wanaweza kutofautiana juu yake. Tuseme sura ya pili ina msichana anayeficha pesa alizotumwa dukani ili amsaidie rafiki yake. Tuma ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili, usome aya ile ya kuficha kwa sauti yako, ukomee palepale mlango unapogongwa, kisha useme: "Ungekuwa wewe mama yake, na umeshajua, ungemwambia nini usiku huo?" Yupo atakayemtetea msichana, yupo atakayesema achapwe, na yupo atakayejibu kwa Kidholuo au kwa Sheng kwa sababu hasira haingoji sarufi. Mwache. Kumsahihisha lugha mbele ya wenzake ni kumfunga mdomo hadi shule zifunguliwe. Mtoto aliyenyamaza naye asitajwe hadharani. Mpigie mzazi wake uulize kama kitabu kilifika.

Baadhi ya wazazi watakuomba uweke mtihani mdogo mwishoni mwa wiki. Kataa kwa heshima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza wanafunzi kupewa masomo ya ziada wakati wa likizo, na hata pasipo sheria, mtoto anayenusa mtihani hukimbilia muhtasari na kukiacha kitabu.

Usalama usiachwe kwa bahati. WhatsApp hairuhusu aliye chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti mwenyewe, basi wanachama wa kikundi wawe wazazi, kwa namba zao. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, kwa hivyo andaa fomu ya ukurasa mmoja inayoeleza utakachohifadhi: jina la kwanza, gredi na namba ya mzazi, basi. Shule anayosoma na mtaa anaokaa havikuhusu. Kila mkutano uwe na watu wazima wawili, usirekodiwe, na asiwepo mtu mzima anayemwandikia mtoto faraghani, hata kwa kumsifu.

Mkutano wa mwisho waachie watoto wauendeshe: mmoja afungue, wawili wabishane kuhusu namna hadithi ilivyoisha, na wengine wasome aya walizozipenda, huku wewe umezima maikrofoni yako. Jumatatu inayofuata, kusanya nakala za maktaba kabla hazijapotelea kwenye mikoba ya shule, futa ujumbe wa sauti na orodha ya majina, na wazazi wanaotaka kuendelea Novemba wajiandikishe upya.