Somo: Kupiga kambi na farasi msituni West Kilimanjaro (someni kabla ya kuniuliza)

Wakuu, naandika hii mara moja ili nisiandike tena. Tangu niweke ile picha ya farasi wanne chini ya misipresi, haipiti siku bila mtu kuniuliza "mkuu, tunahitaji nini?", halafu swali la pili ni hema la aina gani. Hema si kitu. Wewe utalala hata kwenye turubai, utaamka na mgongo unauma, utakunywa chai, yataisha. Farasi akilala vibaya, kesho mnarudi kwa miguu.

Mimi ni saisi (mtunza farasi), niko Usa River, huu mwaka wa 11. Njia ninayoijua vizuri ni ya kutokea Sanya Juu kupanda Ngarenairobi mpaka kwenye shamba la miti. Kama nyie ni wa msitu wa Meru au Monduli, badilisheni majina, kazi ni ileile.

1. Kibali. Shamba la miti ni la TFS, wakala wa serikali wa misitu. Nenda ofisini kwao, sema farasi wangapi, usiku mangapi. Ukizidi kupanda unaingia eneo la KINAPA (Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro), na msitu wa asili nao umo ndani ya hifadhi tangu 2005, kwa hiyo ile hoja ya "tulikuwa msituni tu, mlima hatukupanda" haitakusaidia getini. Uliza na habari ya moto. Kiangazi, moto kwenye misindano (mipaini) ni kesi. Mimi nabeba jiko la gesi.

2. Msimu. Juni hadi Septemba. Wengi wanadhani nakwepa matope ya masika. Nakwepa visubi. Hivi vidudu vidogo kuliko mbu ndivyo vinavyoeneza ule ugonjwa ambao madaktari wa mifugo wanauita AHS (African horse sickness), na ukiingia mapafuni farasi wengi hawaponi. Vinauma kuanzia jua linapozama hadi alfajiri, yaani saa zilezile ambazo farasi wa nyumbani yuko bandani na wako yuko nje amefungwa. Vinazaliana kwenye tope lenye samadi. Pundamilia wana virusi hivyo na wala hawaugui, na kule chini tambarare wamejaa. Chanjo aamue daktari wako, na mapema, si wiki ya safari.

3. Mzigo. Asilimia 20 ya uzito wa farasi, tandiko likiwemo. Hutahitaji mizani. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Kifua zidisha kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Kifua sm 175 na urefu sm 155 inakupa kilo 400 hivi, kwa hiyo huyo anabeba kilo 80, basi. Anayebeba mashogi (mifuko ya mizigo ya ubavuni), pande mbili zilingane. Pima kwa mkono, ukikosea hata kilo mbili tatu tandiko litalala upande mmoja na mgongo utachubuka kabla hamjafika.

4. Chakula. Bebeni chenu. Chini ya misindano hakuna malisho, ni sindano kavu tupu. Farasi wa kilo 400 anataka kama kilo 8 za nyasi kavu kwa siku. Mwanzishie nyasi za safari wiki nzima kabla ya kuondoka, tumbo lake halipendi kushtukizwa. Na fundo la kumfungia liwe imara, kwa sababu kuna watu wanalima viazi na karoti pembeni ya msitu, na bei ya karoti zilizoliwa na farasi usiku huwa haipatani.

5. Maji. Ndoo mbili za lita 20 kwa siku kwa kila mmoja, akifanya kazi anazidi. Usimwingize farasi kwenye mfongo (mfereji wa maji), kuna watu wanakunywa huko chini. Chota, mpelekee. Kambi ikae kama hatua 80 kutoka majini.

6. Kumfunga usiku. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo kaeni.

Mwaka wangu wa tatu kazini tulikuwa watu wanne, farasi watano, tumefika jua limeshazama. Nikatanda kamba kati ya misipresi miwili, na kwa uvivu nikaifunga usawa wa kifua changu. Halafu nikawaachia kamba ndefu za kuongozea, eti wale kwa raha. Saa saba usiku nikasikia debe limepigwa teke. Natoka na tochi, namkuta jike mmoja wa kahawia amesimama kwa miguu mitatu. Alikuwa anajikuna sikio kwa mguu wa nyuma, kama wanavyofanya, na mguu uliporudi chini ukapita upande wa pili wa kamba. Kila akivuta, fundo linakaza. Lilikuwa fundo la kawaida, kamba ya naironi, imelowa umande. Nililihangaikia kwa kucha, nikalihangaikia kwa meno. Kisu kiko kwenye shogi, shogi liko chini ya turubai, turubai liko upande wa pili wa kambi. Mpaka naikata, kamba ilishakula ngozi nyuma ya kifundo, juu kidogo ya kwato, nyama nyeupe inaonekana. Tulishuka naye hadi Ngarenairobi kwa saa sita, hatua, simama, hatua, simama. Miezi mitatu hakupandwa. Aliyeniokoa ni daktari aliyemchanja pepopunda mwaka ule, maana kidonda cha aina ile kwa farasi ndicho mlango wake. Wazee walivyoupa ugonjwa jina la punda walikuwa wameona kitu.

Sasa fanyeni hivi. Kamba ya juu iwe juu kweli: juu ya kichwa cha farasi, mita mbili na zaidi, na ivutwe mpaka iwe kama waya wa umeme, kwa sababu usiku italegea. Unene wa milimita 12 au zaidi. Kwenye mti zungushia mkanda mpana au gunia lililokunjwa. Kamba tupu inachuna gamba, na bwana miti akikuona hutarudi tena. Farasi asikae karibu na mti chini ya mita mbili, la sivyo atazunguka shina mpaka apate kitanzi. Kati ya farasi na farasi mita tatu, na kila mmoja awe na kitanzi chake kwenye kamba kubwa ili wasiteleze wakakutana katikati.

Urefu wa kamba ya farasi: iache ining'inie, kulabu yake iishie usawa wa goti lako. Hapo pua inafika chini kwenye nyasi, lakini mguu hauna nafasi ya kupita. Kulabu iwe ile inayozunguka. Fundo liwe la kuvuta, lile ambalo ukivuta ncha moja linafunguka lote, na ulifanyie mazoezi gizani, nyumbani, umefumba macho. Kisu kikae mwilini mwako. Si kwenye begi. Lala nacho.

Usifunge farasi kwa hatamu yenye lijamu (chuma cha mdomoni), atajikata mdomo. Usimfunge kwenye tawi wala gogo la chini, atalivunja na kukimbia nalo.

7. Asubuhi. Mpe maji kabla ya tandiko. Samadi itawanye, mashimo waliyochimba kwa kwato yafukie. Pitisha kiganja mgongoni ukitafuta joto au uvimbe. Jioni ya jana, ulipovua tandiko, kama palikuwa na kiraka kikavu katikati ya jasho, hapo ndipo tandiko linapobana.

Maswali wekeni hapa chini.

---

Chalii wa Ngarenaro: Mkuu somo zuri. Kamba unafunga urefu gani na farasi wanakula nini huko?

Jibu: Hatua ya 6 na ya 4.

Chalii wa Ngarenaro: Nimesoma kwa haraka mkuu, nilikuwa kwenye daladala.

Jibu: Shuka kwanza, halafu soma.

Mama Wawili: Shikamoo kaka. Mimi huwa naogopa farasi kuumwa tumbo. Usiku gizani, farasi wote wametulia, nitajuaje mmoja anaumwa kabla hajaanza kugaagaa?

Jibu: Marahaba dada, hili ndilo swali nililokuwa nalingoja. Anza na samadi. Farasi mzima anakunya mara 8 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo kabla ya kulala futa ya chini yake, ukiamka saa nane uone kama kuna mpya. Hakuna? Weka sikio ubavuni, nyuma ya mbavu za mwisho. Tumbo la farasi mzima linanguruma muda wote kama maji kwenye bomba. Likinyamaza, amka kabisa. Halafu vidole chini ya mfupa wa taya, kuna mshipa pale, hesabu mapigo. Akiwa ametulia ni 28 hadi 44 kwa dakika. Yakipita 60 na anageuka kuangalia ubavu wake au anakunja mdomo wa juu, piga simu kwa daktari hapohapo, na umwondolee chakula. Fanya mazoezi haya nyumbani akiwa mzima, ili ujue sauti ya tumbo lake yeye, hazifanani.

Mama Wawili: Asante sana kaka. Sikujua la samadi.

Mzee wa Sakina: Mnatisha watu. Sisi tulimfunga kwenye mti wa kawaida Monduli usiku miwili na hakuna kilichotokea.

Jibu: Hata mimi miaka miwili ya kwanza hakuna kilichotokea, mzee wangu. Sijasema lazima mguu unase. Nimesema niliouona umenasa.

Mzee wa Sakina: Sawa, lakini mtindo wa mita mbili ni wa wazungu.

Jibu: Mguu ulionasa ulikuwa wa farasi. Tuendelee.

Bonge la Njiro: Kilo 98, napata farasi?

Jibu: Kaka, wewe 98 na tandiko 10 ni 108. Unahitaji farasi wa kilo 540. Mkubwa wetu ana 480. Njoo tutembee wote kwa miguu milimani, ushike kamba. Wengi wanaofanya hivyo ndio wanaoifurahia safari kuliko waliopanda.

Mfugaji Tengeru: Nina ng'ombe wa maziwa, na nimepewa farasi mmoja mzee nimtunze. Kupe wamemjaa. Nimwogeshe na dawa ya ng'ombe?

Jibu: Soma chupa sasa hivi. Kama imeandikwa amitraz, ISIMGUSE. Ng'ombe hana shida nayo. Farasi utumbo unasimama, chakula kinaganda ndani, unampoteza. Tafuta yenye permethrini iliyoandikwa kuwa inafaa kwa farasi. Na kwa kuwa una ng'ombe na pengine kuku: chakula chao usimpe hata akikuomba kwa macho. Chenye monensini (dawa inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo) kinaua moyo wa farasi kwa kiasi ambacho kuku hata hakisikii. Mahindi yenye ukungu vilevile, yanaharibu ubongo. Usiseme "ni kidogo tu, tuyamalize".

Mfugaji Tengeru: Ni amitraz. Nimerudisha stoo. Nilikuwa nimeshajaza bomba.

Jibu: Osha bomba mara tatu au nunua jingine. Kupe wa leo watoe kwa mkono, anzia masikioni na chini ya mkia.

Mangi wa Marangu: Naongezea. Kihamba chetu (shamba la nyumbani) kimejaa miparachichi, mgeni alifunga farasi pale akale majani. Baada ya siku mbili kichwa kimevimba kama kiboko. Daktari akasema ni parachichi.

Jibu: Ndiyo, majani, gamba, tunda, vyote sumu kwake, inagusa hadi moyo. Asante mangi, nilisahau, na njiani kuna miparachichi kila boma. Ongezeni na lusina, ule mti wa malisho tunaowapandia ng'ombe: farasi akizoea kuula, nywele za shingo na mkia zinapukutika.

Dogo Punda: Punda je? Bei nafuu.

Jibu: Nafuu na wagumu, AHS kwao si tishio kama kwa farasi. Kamba zilezile, kulabu zilezile. Uzito upimie punda mwenyewe, ile hesabu ni ya farasi.

Binti Kiboroloni: Tembo wakija usiku?

Jibu: Farasi atajua kabla yako. Wakiinua vichwa wote pamoja, masikio yameelekea upande mmoja na hakuna anayetafuna, kaa kimya, usimulike ovyo. Dawa yenyewe ni mchana: ukikuta kinyesi chao na matawi yaliyovunjwa, hapo ni barabara yao, sogeza kambi.

Binti Kiboroloni: Na siafu? Nyumbani tunamwaga majivu.

Jibu: Majivu nimeona yanageuza wachache, jeshi zima halijali. Ndiyo maana ya lile fundo la kuvuta. Farasi aliyefungwa hawezi kuwakimbia. Akianza kupiga miguu chini bila kuacha, mulika kwato kwanza. Ukiwaona wanapanda, fungua wote, sogea mbali nao, hatua mia, utande kamba upya. Mkanda wa mti acha pale, utaufuata asubuhi.