Somo: Namna ya kupima uwazi wa benki kuhusu ushawishi wake kwenye sera za tabianchi

Ndugu wanachama, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga linapita hapa mkoani kwetu Tabora, na mradi mkubwa kama ule haujengwi bila mikopo. Tumezoea kuuliza benki inamkopesha nani. Tuulize pia inawaambia nini watunga sheria.

Hatua ya 1. Fungua ripoti ya mwaka. Kurasa za hatari za tabianchi zipite haraka: zinaeleza ukame na mafuriko yataiathirije benki, si benki inasukuma nini serikalini.

Hatua ya 2. Pima sentensi. "Tunaunga mkono Mkataba wa Paris" (makubaliano ya mataifa ya kudhibiti ongezeko la joto duniani) haitoshi. Tafuta muswada gani, kifungu kipi, maoni yalipelekwa lini, na benki iliunga mkono au ilipinga.

Hatua ya 3. Hapa tukae. Kampuni nyingi hazipingi sheria kwa mdomo wao. Husemewa na vyama vya sekta wanavyovilipia ada. Orodha ya majina ya vyama pekee si uwazi. Benki ieleze kila chama kina msimamo gani, wapi wanatofautiana, na ilifanya nini baada ya kutofautiana: ilikikosoa, au ilijitoa? Kiwango cha kimataifa cha ushawishi wa tabianchi cha 2022, chenye vigezo 14, kinadai hivyo hivyo.

Hatua ya 4. Linganisha na rejista za umma za wanaoshawishi watunga sheria. Umoja wa Ulaya unayo. Marekani, kwa sheria ya 1995, ripoti hutolewa kila miezi 3.

MASWALI

Mwanachama, Nzega: Mwalimu, kama Marekani wanaripoti, si tayari kuna uwazi?
Jibu: Nusu tu, ndugu yangu. Fomu inaonyesha fedha na miswada, lakini hailazimishi kusema uliunga mkono au ulipinga. Ndiyo maana InfluenceMap, shirika la utafiti la London, hupitia barua na maoni yenyewe ya kampuni.

Mwanachama, Urambo: Na benki zetu, dada?
Jibu: Benki Kuu ilitoa mwongozo wa hatari za tabianchi mwaka 2022, lakini hatari ni jambo lingine, kama tulivyoona. Anza na maoni ya wadau mbele ya kamati za Bunge, kisha iandikie benki yako: Umoja wa Mabenki, yaani chama cha sekta yenu, ulipotoa maoni kuhusu muswada huu, nyinyi mlikubaliana nayo? Omba jibu la maandishi.