Namna ya Diwani Kuandika Maoni Yake Kuhusu Masuala ya Jamii na Maamuzi ya Baraza

Mkazi anayesoma maoni ya diwani wake baada ya kikao cha baraza huwa anatafuta mambo matatu: ni nini kilichoamuliwa, kwa sababu gani, na diwani wake alisimama upande gani. Maandishi mengi ya madiwani humpa jambo la nne ambalo hakuliuliza, yaani orodha ya hafla alizohudhuria mheshimiwa na wageni aliowapokea. Mwongozo huu ni kwa ajili ya diwani, au mwakilishi wa wadi kwa walio Kenya, anayetaka kuandika maoni ambayo mkazi atayasoma mpaka mwisho na ambayo, hata akiyapinga, atajua wazi ni wapi taarifa inaishia na ni wapi maoni yanaanzia.

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, weka mezani ajenda ya kikao, taarifa ya wataalamu iliyowasilishwa, na muhtasari wa kikao ikiwa umekwisha kutoka. Muhtasari ambao haujathibitishwa na kikao kinachofuata bado ni rasimu, na ukiunukuu huna budi kusema hivyo, kwa kuwa wajumbe wana haki ya kuusahihisha. Angalia pia jambo limefika hatua gani. Pendekezo la kamati halijawa uamuzi wa baraza, na hata uamuzi wa baraza huenda ukahitaji idhini ya ngazi nyingine: nchini Tanzania, kwa mfano, sheria ndogo iliyopitishwa na halmashauri huhitaji idhini ya waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kabla ya kuanza kutumika. Diwani anayetangaza kwamba "tumepitisha" wakati jambo lingali kwenye kamati anawafanya wakazi wasubiri kitu ambacho pengine hakitakuja, na siku ya kuulizwa ataulizwa yeye, wala si mwenyekiti wa kamati.

Suala la nani mwenye mamlaka linastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa kwa kawaida. Wakazi humlaumu diwani kwa kila shimo la barabarani na kila darasa lisilo na madawati, na madiwani wengine huikubali lawama hiyo kimyakimya kwa sababu kuikana kunaonekana kama kukwepa. Tanzania ilianzisha wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, mwaka 2017, na tangu hapo barabara ambazo zamani zilikuwa mikononi mwa halmashauri husimamiwa na wakala huo. Kenya nayo, katika Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, imegawa majukumu: elimu ya chekechea, masoko, barabara za kaunti na huduma za afya za kaunti ziko kwa serikali ya kaunti, ilhali shule za msingi na polisi zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Eleza mgawanyo huo kwa sentensi moja au mbili katika suala unaloliandikia, kisha useme ulichofanya ndani ya mipaka yako: ulimwandikia nani, uliomba nini, na umejibiwa nini. Kusema "hili si letu" na kuishia hapo ni sawa na kumwonyesha mkazi mlango, lakini kusema "hili liko kwa wakala, nimewaandikia, na hadi leo sijapata jibu" ni taarifa anayoweza kuifanyia kazi.

Kuhusu fedha, tahadhari kubwa iwe kwenye vitenzi. Fedha iliyotengwa katika bajeti ni makisio. Fedha iliyopokelewa ni jambo jingine, na iliyotumika ni jambo la tatu. Uandikapo kwamba mradi "umepata fedha" kwa sababu tu jina lake limo kwenye kitabu cha bajeti, umewachanganya wasomaji, na mwaka wa fedha ukifungwa bila hata jiwe moja kuwekwa watadhani zimeliwa, wakati huenda hazikuwahi kufika. Taja hatua, taja tarehe, na usisahau kwamba mwaka wa fedha wa Tanzania na Kenya huanza tarehe 1 Julai na hauendi na kalenda ya kawaida. Msomaji anayesikia "mwaka huu" mwezi wa Novemba anaweza kuhesabu vibaya kwa miezi sita.

Asilimia nazo hupotosha zisipofungwa na msingi wake. Mfano ninaokutana nao mara kwa mara ni ule wa mikopo ya vikundi ambayo halmashauri za Tanzania hutakiwa kuitengea asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Diwani akiandika "asilimia 10 ya bajeti", kikundi kitapiga hesabu juu ya bajeti nzima, ikiwemo mishahara na ruzuku kutoka Serikali Kuu, na kitapata kiasi ambacho hakipo popote. Maneno matatu tu, "mapato ya ndani", yangewaepusha wote na ugomvi huo. Kwa hiyo kila unapoandika asilimia, jiulize ni asilimia ya nini, kisha uliandike jibu hilo pale pale.

Sasa tuje kwenye maoni yenyewe, ambako ndiko kazi iliko. Tuseme baraza limepandisha ushuru wa meza sokoni ili kupata fedha za kujenga mifereji ya maji ya mvua, na wewe ulipinga. Kishawishi ni kuandika hivi: "Baraza limeamua kuwakandamiza wafanyabiashara wadogo, nami sitanyamaza." Sentensi hiyo itapigiwa makofi, lakini mwenye meza akimaliza kuisoma hajui ushuru mpya utaanza lini, fedha zitakwenda wapi, wala wewe ulifanya nini siku ile ukumbini. Ilinganishe na hii:

"Baraza limepitisha kiwango kipya cha ushuru wa meza, kitakachoanza kutozwa mwanzoni mwa mwaka ujao wa fedha. Walioliunga mkono pendekezo walieleza kwamba soko hujaa maji kila msimu wa mvua na kwamba hakuna chanzo kingine cha fedha za mifereji kilicho karibu. Hoja hiyo ni ya kweli. Mimi nilipiga kura ya hapana, kwa sababu kiwango ni kimoja kwa mwenye kibanda cha kufungwa na kwa anayepanga bidhaa zake chini, na pendekezo langu la kuweka viwango viwili halikupata kura za kutosha. Uamuzi sasa ni wa baraza zima na ushuru utalipwa. Ninachofuatilia ni kuona fedha hizo zinawekwa kwenye kifungu cha mifereji, na taarifa ya makusanyo inasomwa kila robo mwaka."

Zitazame sentensi hizo kwa mpangilio wake. Ya kwanza ni taarifa tupu, na mtu wa upande wowote angeweza kuiandika. Ya pili inaeleza hoja ya wapinzani wako kwa namna ambayo wao wenyewe wakiisoma watasema, "ndiyo, tulisema hivyo". Hapo ndipo madiwani wengi hushindwa, kwa kuwa hupenda kuidhoofisha hoja ya mwenzao kabla ya kuijibu. Kisha inakuja kura yako, na sababu yake inahusu kipengele kimoja kinachoonekana, yaani kiwango kimoja kwa watu wasiolingana, wala si nia mbaya ya mtu. Mwisho unakubali kanuni ya wengi wape bila kuitupa hoja yako. Kwamba ushuru utalipwa ni lazima kuandikwe, kwani mfanyabiashara akisoma hasira yako peke yake anaweza kukataa kulipa, na faini itamwangukia yeye.

Ikiwa ulipiga kura ya ndiyo kwa jambo wasilolipenda watu wako, liseme mwanzoni kabisa. Watalijua tu, na ni afadhali walisome kutoka kwako pamoja na sababu kuliko kulisikia kijiweni bila sababu. Ikiwa ulifuata msimamo wa chama chako, andika hivyo pia. Wako watakaokukosoa, lakini angalau watamkosoa anayestahili. Na kama uamuzi ulipitishwa kwa sauti za "ndiyo" bila kura kuhesabiwa, usibuni idadi.

Mambo ambayo bado hayajaamuliwa yana utaratibu wake. Diwani ana haki ya kuwa na msimamo kabla ya kikao, na kwa hakika wakazi wengi wanamtaka awe nao, ila anatakiwa aingie ukumbini akiwa tayari kusikiliza. Uingereza ililigusa jambo hili katika Sheria ya Ushirikishwaji wa Mitaa ya mwaka 2011: kifungu cha 25 kinaeleza kwamba diwani hahesabiwi kuwa alikuwa amekwisha kufunga akili yake kwa sababu tu aliwahi kuonyesha mwelekeo wake kuhusu jambo husika. Hata hivyo busara inabaki, hasa pale baraza linapokaa kama mwamuzi, kwa mfano katika maombi ya leseni au vibali vya ujenzi, ambako uamuzi unaweza kupingwa mahakamani na maneno yako yakasomwa humo neno kwa neno. "Sitakubali jengo hili lijengwe kamwe" ni kauli ya kumpa mwombaji silaha. "Kwa taarifa nilizo nazo sasa, nina wasiwasi na njia ya magari ya zimamoto, na nitataka maelezo ya mhandisi kuhusu hilo" inabeba wasiwasi ule ule na kuacha mlango wazi.

Kama wewe, ndugu yako au biashara yako mtanufaika au kudhurika na uamuzi, tangaza maslahi hayo kikaoni kwa kufuata kanuni za baraza lako, kisha yarudie katika maandishi yako kabla ya kutoa maoni, ikiwa bado unaona inafaa kuyatoa. Kwa kawaida haifai. Kenya imewaweka wajumbe wa mabunge ya kaunti chini ya Sura ya Sita ya Katiba kuhusu uongozi na maadili, na nchi nyingine zina kanuni zake za maadili ya madiwani; zisome zote mara moja kwa utulivu, kwani mitego yake mingi iko kwenye mambo madogo kama zawadi na safari.

Yapo yasiyoandikwa kabisa. Yaliyojadiliwa katika kikao cha faragha, mashauri ya nidhamu ya watumishi, na mazungumzo ya zabuni ambayo hayajakamilika, hayo hubaki ndani hata kama ungeshinda mabishano kwa kuyatoa. Vivyo hivyo kwa malalamiko ya mkazi aliyekufuata kwa siri. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, kuficha jina hakutoshi: ukiandika "mjane mmoja anayeishi nyuma ya kisima", mtaa mzima umeshamjua. Mwombe ruhusa, msomee ulichoandika, na akisita, tumia tatizo bila kumgusa mwenye tatizo.

Tenganisha pia sauti yako na sauti ya baraza. Karatasi yenye nembo ya halmashauri, mpiga picha wake na wino wake havifai kutumika kukisifu chama chako au kukishambulia kingine. Uingereza imeyakataza mabaraza yenyewe kuchapisha maandishi ya namna hiyo tangu sheria yao ya mwaka 1986. Andika kwa jina lako, na palipo na msimamo rasmi wa baraza uuite hivyo, hata usipokubaliana nao.

Toa maandishi mara mbili kwa kila jambo zito: kabla ya kikao, mapema kiasi cha mkazi kuweza kuwasilisha maoni yake muda ukiwa bado haujafungwa, na baada ya kikao, uamuzi ukiwa umekwisha kujulikana. Ukigundua umekosea takwimu au tarehe, usiifute kimyakimya. Iache taarifa ya awali isomeke, na chini yake uandike sahihisho pamoja na siku uliyolifanya. Kisha tenga nafasi kila robo mwaka ya kurejea yale uliyosema utayafuatilia, likiwemo lile la kifungu cha mifereji, na uandike yamefika wapi, hata kama jibu ni kwamba hayajasogea na mhusika aliyeandikiwa hajajibu.