Daftari mlangoni: ninavyofuatilia mafua ya ndege huku Chekereni

Nafugia Chekereni, chini ya mji wa Moshi, jirani kabisa na mfereji unaopeleka maji kwenye majaruba ya mpunga. Nina kuku wa mayai 240 na bata 9. Mpunga ukishapandwa, yangeyange na kwarara wanajaa majarubani tangu alfajiri. Kuanzia Oktoba wanaongezeka ndege wahamaji wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia, hadi mwezi wa tatu au wa nne. Wote wanakunywa maji ya mfereji huohuo na wanaweza kuleta kirusi cha mafua ya ndege kwa kuku na bata, kwa hiyo macho yangu hayaishii bandani.

Anza na daftari. Lifunge kwa kamba mlangoni pamoja na kalamu. Kila asubuhi, kabla hujamwaga chakula, andika vifo, mayai ya jana, kilo za chakula kilicholiwa na lita za maji. Usiandike "kawaida", andika namba. Kuku wangu wanamaliza kilo 28 hivi kwa siku na maji kama lita 55. Nikikuta kilo 6 zimebaki, na juzi hakukuwa na joto kali wala sijabadilisha chakula, siendi shambani siku hiyo. Kuku huacha kula na kunywa kabla hujaona ugonjwa usoni mwake.

Baadaye ndipo huja dalili nyingine za mafua ya ndege: mayai yanapungua ghafla au yanatoka na ganda laini, kichwa kinavimba, upanga wa kichwani na ndevu za chini ya mdomo vinageuka bluu, miguuni yanatokea madoa mekundu ya damu chini ya ngozi. Wengine hufa bila dalili yoyote. Kideri, ugonjwa mwingine wa kuku, nacho huua hivyo hivyo, na kwa macho tu huwezi kukitofautisha na mafua ya ndege. Maabara pekee ndiyo inayojua.

Mimi nililipuuza hilo. Mwaka 2016 kuku wangu 31 walikufa ndani ya siku mbili. Nikasema ni kideri, nikachinja waliobaki wakiwa bado wamesimama, nikauza kwa bei ya kutupa na wengine nikawagawia majirani. Januari 2017 nikasikia redioni kwamba ndege wa majini wamekufa kwa wingi Ziwa Victoria upande wa Uganda, kirusi ni H5N8, aina mojawapo ya mafua ya ndege, na kimeingia kwa kuku na bata wa kufugwa. Niliishiwa nguvu. Sikuwa nimebakiza hata mzoga mmoja wa kupimwa, na nyama majirani walishaila.

Bata ndio wanaohitaji jicho kali zaidi, kwa kuwa anaweza kubeba kirusi na kukitoa kwenye kinyesi huku ananenepa. Wa kwangu sasa wana uzio wao, hawaendi mferejini, na hawalali na kuku.

Kila Jumamosi saa 12 asubuhi natembea kando ya mfereji kutoka getini hadi kwenye kalvati, nahesabu ndege wazima na waliokufa, naandika na aina yao. Yangeyange mmoja aliyekufa anaweza kuwa amekula wadudu waliopuliziwa dawa. Wakiwa kadhaa ndani ya siku chache, au wa aina tofauti, toa taarifa. Novemba iliyopita nilimkuta kwarara kwenye tope, shingo imepinda nyuma, anazunguka palepale, bawa moja linaburuta. Sikumgusa. Nilimpigia afisa mifugo wa kata, akaja na glavu na barakoa, akapitisha kijiti chenye pamba kooni na kingine sehemu ya kutolea kinyesi, akavitia kwenye vichupa vyenye maji maalumu na kuviweka kwenye kasha la barafu. Sampuli ikae kwenye nyuzi 4 hivi. Kama haitafika maabara ndani ya siku mbili, inahitaji ubaridi mkali zaidi kuliko wa friji ya nyumbani. Kwa kanda yetu, Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Arusha. Majibu yalirudi: hakuwa na mafua ya ndege.

Ukishuku bandani kwako, funga. Usiuze, usichinje, usitupe mizoga mferejini wala kuwapa mbwa. Zuia wageni, weka viatu vya bandani peke yake, visugue kwa sabuni kwanza ndipo uchovye kwenye dawa ya kuua vimelea, maana dawa haifanyi kazi juu ya kinyesi. Watoto wasikaribie. Mwaka 1997 kule Hong Kong, H5N1, aina nyingine ya mafua ya ndege, iliwapata watu 18 na 6 wakafa, kwa hiyo ukipata homa na kikohozi baada ya kushika ndege wagonjwa, nenda kituo cha afya na umwambie daktari wazi kwamba uliwashika.

Afisa mifugo akifika, mpe daftari kabla ya maelezo yoyote. Tarehe ambayo chakula kilianza kubaki ndiyo itakayomwambia aanzie wapi kuuliza ni nani walinunua mayai na kuku wako.